Manowari Zenye Majina ya Mvua

Kayitesi Claudette ni mtu wa mapazia. Duka lake liko Remera, juu ya famasia, na watu wa Kigali wanaojenga nyumba mpya wanamjua kwa jicho lake. Huingia sebuleni kwako mara moja tu, akalitazama dirisha, akakwambia kitambaa gani kitastahimili jua la upande huo na kipi kitachujuka kabla ya Noeli. Alizaliwa Bujumbura, akasomeshwa na masista, akaja Rwanda na wazazi wake baada ya vita akiwa msichana mkubwa. Mumewe, Bayingana Conrad, ni mpima ardhi aliyekulia Bukoba. Walipokutana, Kinyarwanda cha mmoja kilikuwa kimejaa Kirundi na cha mwingine kimejaa Kihaya. Wakachekana, wakaishia kuchumbiana kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho, nusu cha Bujumbura nusu cha Bukoba, kikabaki lugha ya nyumba yao pale Kibagabaga. Walichekea kwacho, waligombania kwacho, walimlelea binti yao Christella kwacho.

Bayingana alikuwa na jambo moja ambalo ndugu zake walilitaja kwa sauti ya chini kama wanavyotaja ulevi wa mtu: alikusanya manowari. Zilikuwa modeli za plastiki zinazokuja ndani ya maboksi, vipande vimeshikamana kwenye fremu kama matunda machanga kwenye tawi. Unakata, unalainisha kwa msasa, unagundisha, unapaka rangi. Zote zilikuwa za kipimo kimoja, moja kwa mia saba, kwa sababu mpima ardhi yule hakuweza kuvumilia vipimo viwili katika kabati moja. Kabati lenyewe lilikuwa la vioo, lilienea ukuta mzima wa sebule, na Claudette alikuwa amelikubali kama mwanamke anavyomkubali mama mkwe: kwa adabu, bila mapenzi.

Rafu ya chini ilikuwa ya Wajapani. Alianza na zile kubwa zenye milingoti minene kama majengo, kisha akageukia distroya, manowari nyembamba za mbio ambazo kazi yake ni kuzisindikiza kubwa na kuzikinga.

"Meli kubwa bila distroya," aliwaambia wageni, "ni kijana aliyekwenda kuposa peke yake. Nani atamsemea?"

Kiharusi kilimkuta bafuni, Jumapili, povu la kunyolea likiwa kwenye shavu moja tu. Claudette alisikia kishindo akadhani ni ndoo. Alipofungua mlango alimkuta ameegemea ukuta, mdomo umevutwa upande, jicho moja likimtazama kwa mshangao kama mtu aliyeulizwa swali asilolitarajia.

Aliporudi kutoka hospitali, mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Mguu wa kulia ulikokoteka. Lakini lililomvunja Claudette lilikuwa neno. Katika maneno yote aliyokuwa nayo mtu yule, aliyeweza kumweleza mgeni historia ya meli moja mpaka chai ikapoa, lilibaki moja tu: basi. Alitaka maji, alisema basi. Aliumwa, alisema basi. Alitaka taa izimwe, au isizimwe, ilikuwa basi. Daktari alimweleza Claudette kwamba mara nyingi huwa hivyo, kwamba neno moja hukwama mlangoni na mengine yote yanabaki nyuma yake yakisukumana.

"Anaelewa ninachosema?" Claudette aliuliza.

"Anaelewa mengi kuliko anavyoweza kuonyesha. Lakini usiamini ndiyo yake wala hapana yake. Hata kichwa anaweza kutikisa kinyume."

Basi Claudette akaanza kuishi na mtu ambaye ndiyo yake haikuwa ndiyo.

Mwanzoni Bayingana alijitahidi. Kila asubuhi alikuja Épiphanie, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mkulima, akamnyoosha vidole, akamsimamisha, akamhesabia hatua. Kisha taratibu, bila siku ambayo Claudette angeweza kuinyooshea kidole, Bayingana akaacha kujitahidi. Épiphanie alipofika, mgonjwa alifumba macho. Alipoinuliwa alijilegeza awe mzito. Akaanza kuusukuma uji kwa mkono wa kushoto. Mashavu yakaingia ndani. Mchana alitaka kitanda kigeuzwe autazame ukuta, na Claudette alipokirudisha alilia kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwa mwanamume.

"Mama," Épiphanie alimwambia siku moja wakiwa uani, "mimi naweza kuufanyisha kazi mguu. Kutaka, siwezi kumtakia. Miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kupigania, na yeye hapigani. Tafuta kitu anachokitaka."

"Kitu gani? Hataki hata kuniona mimi."

"Chochote. Hata kama ni upuuzi."

Alasiri ile Claudette hakwenda dukani. Alisimama mbele ya kabati la vioo na kwa mara ya kwanza akalitazama kama anavyotazama dirisha la mteja. Akafungua rafu ya chini, akachukua distroya moja, nyembamba, haizidi urefu wa kalamu, akaipeleka chumbani juu ya kiganja. Bayingana akafumbua macho. Hakuitazama ile manowari sana. Alitazama mlango, upande wa sebuleni.

Claudette akamketisha kwenye kiti cha magurudumu, akamsukuma mpaka kabatini. Macho yakaenda moja kwa moja kwenye safu ya distroya, yakapita moja baada ya nyingine, yakasimama pembeni kabisa mahali palipokuwa wazi. Pale kwenye ubao palikuwa na alama mbili za penseli, za mkono wa mpima ardhi, zikionyesha urefu wa kitu ambacho hakijaja.

"Basi," akasema Bayingana. Akanyoosha kidevu. "Basi, basi, basi."

Ndipo Claudette akakumbuka, na kukumbuka kwenyewe kukamchoma. Kwa miezi, kabla ya kiharusi, mezani, mumewe alikuwa akizungumzia distroya ya mwisho. Ipi aichukue. Yeye alikuwa na simu mkononi, akijibu wateja kuhusu fito za alumini na pete za kuning'inizia. Aliitikia mm, na ehe, na kweli kabisa. Siku moja Bayingana alimwuliza, "Claudette, unajua Wajapani wana mvua ngapi?" naye akajibu, "Nyingi tu, kama hapa." Hicho ndicho alichobaki nacho. Mvua.

Akampigia Christella. Binti yao alikuwa Japani mwaka wa pili sasa, akisomea uhandisi wa maji, na alikuwa amekata tiketi ya kuja kumwona baba yake wiki iliyofuata.

"Mama, unataka nini?"

"Modeli ya manowari. Distroya. Ina jina la mvua."

"Mama, Papa hawezi kufunga kifungo cha shati."

"Najua. Mimi ndiye ninayemfungia."

"Sasa ataijengaje?"

"Christella, sikukuuliza ataijengaje. Nimekuuliza iko wapi."

Jioni yake Christella akapiga tena. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya upole wa mtu anayeleta habari mbaya. "Mama, zenye majina ya mvua ni nyingi. Kuna aina moja ya distroya, nusu yake ni mvua. Harusame, hiyo ni mvua ya masika. Samidare, ya mwezi wa tano. Murasame ni mvua inayopita tu. Yudachi ni mvua ya jioni, ile ya ghafla. Shigure ni manyunyu, ya kipindi baridi kinapoanza. Ilikuwa ipi?"

Claudette akakaa kitandani. "Sijui."

"Basi nilete zote. Maboksi yenyewe madogo."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nafasi ni moja. Ameipima mwenyewe. Nikimletea zote tano, atajua." Akanyoosha shuka kwa kiganja. "Atajua kwamba aliongea miezi yote ile mezani na hakuna aliyekuwa akisikia."

Mtu mmoja tu Kigali angeweza kujua. Claudette alikuwa amesikia jina lake mara nyingi bila kuwahi kumwona vizuri: Évode, fundi saa wa Rwezamenyo, aliyekulia Burundi kama yeye, ambaye Bayingana alikuwa akimtembelea Jumamosi. Alimkuta ndani ya kijiduka chenye upana wa mlango, nyuma ya duka la vitambaa vya buibui, kioo cha kukuzia kimening'inia shingoni. Juu ya saa za ukutani kulikuwa na vifaru vidogo vya kivita, vya plastiki, vimepangwa kimya.

"Mama Christella," alisema akiinuka. "Nilikuja hospitali, hamkuniona. Nililia, nikarudi."

Claudette hakuwa na nafasi ya salamu ndefu. Alieleza kila kitu: uji unaosukumwa, ukuta, alama za penseli, mvua. Évode alisikiliza akifuta kioo chake kwa ncha ya shati.

"Ninyi mnadhani alikuwa amechagua," alisema mwishoni.

"Hakuwa amechagua?"

"Kila Jumamosi alikuwa na nyingine. Zenye majina ya upepo na theluji alikuwa nazo tayari, akataka amalizie na ya mvua. Wiki hii Murasame, wiki ijayo Samidare. Mimi nilimwambia, mzee, wewe hutaki meli, wewe unapenda kuchagua. Akacheka."

Claudette aliona ukuta wa kijiduka ukimsogelea. "Usiniambie hivyo. Évode, tafadhali. Niambie moja."

Évode akakiachia kioo chake. "Mwishoni alikuwa amebakiza mbili. Shigure na Yudachi. Yudachi iko nzuri kwa hadithi. Usiku mmoja wa vita iliingia peke yake katikati ya meli za adui, ikapiga huku na huku, ikazama. Shigure, yenyewe, ilitumwa na kundi kupita mlango mmoja wa bahari. Wenzake karibu wote waliangamia mle. Yeye alitoka."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo alizama pia. Miezi michache tu. Karibu zote zilizama, Mama Christella. Inayojulikana kwa kumaliza vita salama ni Yukikaze, na hiyo anayo."

"Na mume wangu, alielekea ipi?"

"Siku moja huku, siku moja kule. Mimi ningekuwa ninyi, ningeangalia jambo jingine." Évode alivuta droo akatoa fremu mbili za plastiki za kijivu. Moja ilikuwa na vipande vinene, mizinga yake butu kama meno ya mzee. Nyingine ilikuwa na vipande vidogo hata Claudette akasogeza uso. "Hii ya kwanza ni modeli ya zamani. Vipande vichache, vinene. Mtu wa mkono mmoja anaweza. Hii ya pili ni ya siku hizi. Mzinga wake punje ya mchele. Mimi mwenyewe hunitoroka. Agizeni ya zamani."

"Yeye ananunua zipi?"

Évode akashusha macho. "Za siku hizi. Za zamani aliziita sabuni. Alisema zimeyeyuka kabla hujaanza."

"Basi nikimletea sabuni, nitakuwa nimemwambia nini?"

Évode akazirudisha fremu drooni. Claudette alimshukuru, akatoka, akasimama barabarani na kusahau alikoacha gari.

Siku zilizofuata alijaribu kila njia. Aliandika majina mawili kwenye karatasi kubwa akamwekea mumewe mbele, akamwomba aguse. Bayingana aliugusa ukingo wa karatasi, kisha meza, kisha akaifuta yote kwa kiwiko ikaanguka. Alimtajia majina sikioni. Shigure. Basi. Yudachi. Basi. Alisikiliza basi hizo mbili kama mtu anayesikiliza hatua nje ya mlango, akitafuta ipi nzito, ipi nyepesi. Usiku mmoja mvua ya kweli ilipiga bati la jirani, naye akajikuta amesimama juu ya kitanda cha mgonjwa akiuliza, "Ni hii? Yenye kelele? Au ile nyembamba?" mpaka akajisikia sauti yake mwenyewe, akaona aibu, akatoka kwenda kulia jikoni. Uzito wa Bayingana ulikuwa ukishuka. Alipombeba kumgeuza, mbavu zilimchoma kifuani.

Siku ya mwisho kabla ya kusafiri, Christella alikwenda dukani. Kule ilikuwa jioni, huku mchana umefika. Claudette alimketisha Bayingana kwenye mito, akaishika simu mbele ya uso wake. Kwenye kioo kulionekana rafu za maboksi kutoka sakafuni hadi darini, zimepangwa kama matofali, kila moja na picha ya meli ikikata mawimbi. Kama mtu yule angekuwa mzima, angelia kwa furaha.

"Papa, shikamoo," Christella alisema. "Unaniona? Niko dukani. Niko mbele ya zako."

Bayingana alitazama. Pua yake ilitanuka kidogo.

"Hizi hapa, Papa. Hii ni Shigure." Boksi likajaza kioo. "Na hii Yudachi. Zote mpya, za siku hizi. Ipi?"

Bayingana akafumba macho.

"Fumbua, tafadhali," Claudette alisema. "Papa Christella, fumbua macho. Mtoto amesimama."

"Basi."

"Basi ipi? Ya kwanza? Nyoosha kidole. Nyoosha kidevu kama juzi."

"Mama, wanafunga," Christella alisema. "Wameanza kuzima taa za nyuma."

"Nikitaja boksi unalotaka, nibane mkono. Sikia. La kwanza." Aliuchukua mkono wa kushoto, akausubiri. Mkono ulikaa ndani ya mkono wake kama samaki sokoni. "La pili." Vile vile. Mtandao ukakatika, picha ya Christella ikaganda mdomo wazi, kisha ikarudi. Na hapo kitu kilichokuwa kimemshikilia Claudette miezi yote ile kikaachia. Aliitupa simu kitandani, akamshika mumewe mabega.

"Wewe unataka kufa! Sema hivyo! Sema unataka kufa, nikae chini nipumzike! Mimi nafunga vifungo, napangusa, nalisha, nakwenda Rwezamenyo kuulizia mvua za Wajapani, na wewe hutaki hata kunibana kidole! Nipe kidole! Kimoja!"

Bayingana alifumbua macho. Machozi yalikuwa yakimtoka jicho la upande mzima tu. "Basi," alisema polepole. "Basi. Basi."

Sauti ya Christella ilikuwa ikitoka kwenye mashuka, ndogo kama ya mdudu. "Mama? Mama, nifanye nini? Mama!"

Claudette akaiokota simu. "Leta iliyotoka," alisema.

"Ipi?"

"Iliyotoka kule wenzake walikozama. Shigure. Leta hiyo."

Christella alifika amechoka, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, akalaza kichwa kwenye mkono uliokufa. Alikuwa hajui amekonda kiasi kile. Alitazama juu kwa mama yake, na macho yake yalisema jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitamka. Kesho yake asubuhi wakaliweka boksi mezani.

Bayingana aliliangalia kwa muda mrefu. Hakutabasamu. Claudette alikuwa amejiandaa kwa tabasamu, au kwa hasira, na hakupata hata moja. Baadaye mkono wa kushoto ukapanda, ukakishika kifuniko, ukashindwa, akakiinamia akakivuta kwa meno. Christella alisogea amsaidie, Claudette akamzuia kwa jicho. Kifuniko kikatoka. Bayingana akaingiza pua ndani ya boksi akavuta harufu ya plastiki mpya, kwa nguvu, kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Mchana ule alikula. Kidogo tu, vijiko vichache vya wali na mboga za dodo, lakini hakusukuma sahani, na Claudette alikwenda bafuni akafungua bomba ili asisikike.

Furaha haikumaliza siku. Jioni Bayingana alitaka kukata kipande cha kwanza. Kati ya vyote alikwenda kwenye mzinga, kile ambacho Évode alikiita punje ya mchele. Claudette alishika fremu, yeye akashika mkasi mdogo kwa mkono wa kushoto usiojua kazi ile. Mkasi ukateleza, kipande kikaruka. Walisikia kikigonga kitu, tiki, mahali fulani, kisha kimya.

Bayingana alitoa sauti. Haikuwa basi. Ilikuwa mlio, mrefu, uliotoka tumboni, na mkono ukapita juu ya meza ukafagia kila kitu: boksi, fremu, gundi, karatasi ya maelekezo. Claudette alikuwa ameshapiga magoti. Alitafuta kwa viganja vyote viwili, chini ya meza, chini ya pazia alilolishona mwenyewe, tochi ya simu ikimulika vumbi na chembe za mkate. Christella alitafuta upande wa pili. Kila kitu kilifanana na mzinga. Claudette aliokota chembe ya wali, akaokota ukucha. "Mana yanjye," alikuwa akinong'ona, Mungu wangu, na tena, na tena, kwa sababu alijua sasa kwamba Évode alikuwa amesema kweli. Kiburi chake yeye ndicho kilicholeta kitu kisichowezekana ndani ya nyumba ya mgonjwa.

Hakumwona Bayingana akijisukuma. Alisikia kiti kikilia tu. Alipogeuka, mtu ambaye kwa wiki nyingi alijifanya gunia kila alipoinuliwa alikuwa amesimama, nusu, kwa mguu mmoja, akiinama kutazama sakafu. Kisha akaanguka. Alianguka kwa upande wake mbovu, bega likagonga ukingo wa meza, shavu likatua kwenye zulia.

"Papa!" Christella alipiga kelele.

Claudette alimfikia kwa magoti. Damu ilikuwa ikitoka juu ya nyusi. Alimshika kichwa, akaita jina lake, Conrad, Conrad, jina ambalo hakulitumia tangu ujana. Bayingana hakuwa akimwangalia. Alikuwa akiangalia chini ya kochi, kwa jicho ambalo lilikuwa karibu na zulia kuliko macho yao yote. Mdomo wake ulihangaika. Ulitaka kwenda kwenye neno lake la siku zote, Claudette aliona midomo ikijibana kwa ajili ya herufi ile ya kwanza, na ikakaa hivyo, imefungwa, kwa muda uliomtisha.

"Pa," alisema Bayingana. Akameza mate. "Pale."

Hakuna aliyesogea.

"Pale," alisema tena, kwa hasira, kama anayewaambia vipofu.

Christella akaingiza mkono chini ya kochi. Alipoutoa, alikuwa ameushika mzinga kwenye ncha ya kidole, umenata kwa jasho. Claudette hakuutazama. Alikuwa amekiweka kichwa cha mumewe mapajani, akikandamiza kidonda kwa upindo wa kitenge, akilia na kucheka na kumgombeza kwa pamoja, mpaka Christella akasema kwamba wampeleke hospitali wakashone, na wakampeleka.

Hayo yalikuwa miezi iliyopita. Asidhani mtu kwamba baada ya pale maneno yalimiminika; hayakumiminika. Yalikuja machache, kwa taabu, na mengine yalikuja siku moja yakaondoka kesho yake. Mkono wa kulia haujarudi, na daktari haahidi. Kuna wiki ambazo Bayingana hurudia ukuta wake, uji husukumwa, na Claudette hufungua duka la Remera macho yamevimba na wateja hujifanya hawaoni. Christella alirudi Japani kumalizia masomo. Évode huja Jumamosi akiwa na kioo chake, hutazama kazi, husema hili limepinda na lile limezidi gundi, kisha hunywa chai.

Kama Shigure ndiyo iliyokuwa ichaguliwe, Claudette hajui. Alimwuliza mumewe mara moja, wazi, na alipoona anavyohangaika kutafuta jibu alimwambia aache, akahamisha mazungumzo.

Wanaijenga alasiri, jua likiwa upande wa sebule. Claudette ndiye anayekata na kugundisha, kwa vidole vilivyozoea pindo za hariri. Bayingana hukaa kando yake na kufuata kila kitu kwa macho. Juzi walikuwa kwenye bomba la pili la moshi. Claudette aliliweka, akaliachia, akaridhika nalo. Mkono wa kushoto wa mumewe ukaja ghafla ukamkamata kifundo cha mkono, kwa nguvu, hata kikamwuma, ukamvuta upande kwa kiasi cha unywele mmoja. Bomba likasimama wima. Hakumwachia. Claudette naye hakuutoa mkono. Alikaa vile vile, ameminywa, akiisubiri gundi ishike.